Vile Nilimeza Ua ya Mama Yake

Wacha niseme mapema tumalizane nayo: nilimeza ua ya harusi ya rafiki yangu. Sio kuonja. Kumeza. Ilikuwa ua ya marehemu mama yake, nilikuwa nimeiiba, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu akinisalimia "sasa". Nikamjibu "poa" na ua ikiwa imeshika juu kwa kaakaa.

Watu wakisikia hii stori wananiuliza kama nilikuwa nimelewa. Sikuwa. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, nimekula chapati na dengu, akili iko sawa. Wengine wanauliza kama nilikuwa na njaa. Si nimesema chapati na dengu. Nilikuwa na wivu, basi. Na sio ile wivu ndogo ya kuona kiatu ya mwenzako ukasema mbona yeye. Hii yangu ilikuwa imekaa ndani ikanenepa, mpaka ikaanza kufanya vitu bila kuniuliza.

Kazi yangu ni kuhifadhi maua ya harusi. Bibi harusi akimaliza kupigwa picha, ananiletea yale maua alikuwa ameshika mkononi, mimi nayakausha, nayaweka ndani ya rezini, inakuwa kidani ya shingo, hereni, pete, hata ile kitu ya kushikilia funguo kama bwana pia anataka ukumbusho. Rezini ni kama gundi ya chupa mbili. Unachanganya, inakuwa kama asali nyepesi, unamwaga kwa kifinyango, kasahani ka kutoa umbo, baada ya siku moja au mbili imekuwa ngumu kama glasi na ua iko ndani imetulia kama mtu amelala kwa dirisha.

Hakuna mahali nilisomea hii kazi. Shule yenyewe niliacha form two, na sitaki mtu anihurumie, shule pia ilikuwa imechoka na mimi. Nilijifunza kwa simu na kwa makosa. Kosa la kwanza kila mtu anafanya ni haraka: unaweka ua kabla haijakauka vizuri, kwa macho unaona imekauka, kumbe bado iko na maji ndani. Wiki mbili baadaye inageuka rangi ya majani ya chai imebaki kwa kichungi. Kuna bibi harusi mmoja nilimpatia hereni, waridi nyeupe, akanirudishia ikiwa kahawia. Nikamwambia hiyo ndio fashoni sasa. Akanyoosha mkono. Nikarudisha pesa.

Stoli yangu, kaduka ka kazi, iko Ngara, ghorofa ya kwanza, kati ya mama wa wigi na fundi wa simu. Upana wake, mimi nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na mimi sio mrefu. Mbele kuna meza ya glasi, nyuma kuna mimi. Mteja akiinama kwa meza, uso wake uko kwa kazi yako. Hiyo ndio nataka ukumbuke.

Sasa huyu rafiki yangu.

Tulikuwa tunakaa chumba moja Kangemi, miaka sita. Kitanda yake upande huu, yangu upande ule, katikati jiko na mtungi ya maji. Yeye alikuwa mtu wa ofisi, anaamka anapiga pasi. Mimi nilikuwa nauza shanga kwa njia nikikimbizana na kanjo, wale askari wa jiji. Kila miezi michache mama yake alikuwa anakuja kutoka upande wa Kakamega na basi ya usiku. Anafika na gunia ya mihogo, kuku hai, na ndizi zingine ambazo hazijawahi kuiva mpaka leo. Mimi ni mtu wa Kikuyu, nyumbani kwetu ni hapo tu Limuru, lakini nyumbani kwetu mambo ilikuwa vile ilikuwa, mama yangu na mimi tulikuwa tunaongea kama watu wa serikali mbili. Huyu mama wa mwenzangu alinichukua bila kuuliza. Aliniita mukhana, msichana, vile tu anamwita mtoto wake. Wakati nilishikwa na taifodi yeye ndiye alikaa. Mtoto wake alikuwa ameenda kazi Mombasa wiki mbili, mama akabaki na mimi, ananipikia uji, ananiosha miguu kwa beseni, na ananitukana.

"Mukhana, hii kichwa yako ni kubwa hivi na haina hata akili ya kuchemsha maji ya kunywa."

Mimi hata kwetu sikuwahi kutukanwa vizuri hivyo. Nililala nikicheka.

Alikufa miaka miwili kabla ya harusi. Nilisafiri na watu wao, nikapika kwa matanga, nikaosha masufuria mpaka vidole vikakunjika. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na mti wa bogenvilia, ile maua ya karatasi watu wanaweka kwa ua wa nyumba, yake ikiwa rangi ya matofali mapya. Alikuwa ameipanda mwenyewe. Kuku zilikuwa zinalala chini yake.

Halafu rafiki yangu akapata bwana, na bwana alikuwa na mama, na mama alikuwa na nyumba Karen.

Harusi ilifanyiwa hapo kwa bustani ya huyo mama mkwe. Nyasi imekatwa utadhani ni kinyozi aliitwa. Mimi niliwekwa hema ya tatu, nyuma, karibu na watu wa chakula, kwa sababu hema ya kwanza ilikuwa ya familia na ya pili ilikuwa ya watu wa ofisi. Niliambia watu wa meza yangu kwamba hapa ndio pazuri, unaona nyama ikitoka kabla wengine waone. Walicheka. Mimi ndio mtu wa kuchekesha, kila harusi inahitaji mmoja, na kumuweka hema ya tatu ni sawa tu.

Lakini kulikuwa na keki ya wazazi. Unajua vile inafanywanga. Bibi harusi anapiga magoti na sahani, analisha mama ya bwana, halafu analisha mama yake mwenyewe, wanawake wanapiga vigelegele, kila mtu anasimama kuona. Na mama yake hakuwa. Kwa hivyo lazima mtu asimame kwa nafasi yake, na mimi, usiniulize ni nani aliniambia, kwa sababu hakuna mtu aliniambia, mimi nilikuwa nimeamua ni mimi. Nilikuwa nimefikiria hiyo kitu wiki tatu. Shangazi yake alikuwa amekuja kutoka nyumbani, nikasema labda ni shangazi, lakini shangazi ana sukari, hali keki. Nani mwingine amebaki? Nilikuwa nimenunua hata nguo ambayo ukipiga picha kutoka mbele inakaa vizuri.

Mtu wa kipaza sauti akasema: "Na sasa, kwa niaba ya mama mzazi ambaye ametutangulia, mama yetu mpya atakubali keki mara ya pili."

Mama mkwe akalishwa mara mbili. Mara mbili, mtu mmoja. Vigelegele vikapigwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshainuka kidogo kwa kiti, ile nusu nusu, ikabidi nijifanye navuta nguo. Mwanamke mmoja wa meza yetu akaniuliza, "Unaenda choo?" Nikasema ndio. Nikaenda choo ya watu nikakaa huko mpaka keki ikaisha.

Jumatatu asubuhi rafiki yangu akakuja Ngara na maua yake kwa beseni, amefunika na tishu yenye maji vile nilikuwa nimemfundisha. Alikuwa anaenda fungate siku hiyo hiyo jioni. Waridi nyeupe, majani ya kijani, na katikati tawi ndogo ya bogenvilia rangi ya matofali. Shangazi alikuwa ameibeba kwa basi ikiwa ndani ya chupa ya soda.

"Kaka yangu anajenga ukuta wa mawe," akaniambia. "Mti wameng'oa Ijumaa. Hii ndio imebaki."

Na yenyewe ilikuwa imekanyagwa na kukumbatiwa na kuchezeshwa rumba. Zile petali zake, yale majani ya rangi, tulitoa moja moja tukaangalia kwa mwanga. Zingine zilikuwa zimepasuka, zingine zimeingia jasho zikawa na madoa. Nzima zilikuwa mbili.

"Sawa," akasema. "Waridi fanya hereni za wale wasichana. Hizi mbili za mama, moja yangu, moja ya mama mkwe. Kidani."

Nikauliza kama sijasikia vizuri. "Ya mama mkwe?"

"Eeh. Amenichukua vizuri sana. Nataka awe na kitu ya mama."

"Hakumjua hata."

"Ndio maana."

Nikasema sawa. Nikafanya utani kuhusu fungate, akacheka, akaenda. Nikabaki naangalia zile petali mbili kama mtu ameachiwa watoto wa kulea na mmoja ameshaahidiwa watu wengine.

Waridi unazizika kwa ile mchanga ya kunyonya maji, lakini bogenvilia ni nyembamba, unaikandamiza kwa kitabu. Niliweka kwa kitabu changu cha biolojia cha form two, ndio kazi pekee hicho kitabu kimewahi kunifanyia. Juu nikaweka tofali. Na kila siku kwa siku kumi nilikuwa napita hapo nikiongea na tofali. Miguu yangu ndio mama alikuwa anaosha. Yule mama wa Karen aliwahi oshwa miguu? Ameambiwa ana kichwa kubwa? Yeye ana nyumba, ana nyasi, ana mtoto wa kiume, ana rafiki yangu, amekula keki ya watu wawili, na sasa anataka kuvaa mama yetu kwa shingo akienda kanisani.

Hakuwa ameomba, najua. Wivu haisikiangi hiyo.

Siku ya nane nilipeleka hereni za mteja Kilimani. Nje ya ghorofa moja kulikuwa na bogenvilia imetambaa kwa ukuta, na kwa jua ilikuwa rangi ya matofali. Nikasimama. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikanyoosha mkono.

"Madam."

Soja, mlinzi wa hapo, alikuwa amekaa kwa kiti ya plastiki nyuma ya geti, naona uso yake kwa kadirisha.

"Unaiba maua?"

"Naangalia tu."

"Unaangalia na mkono?"

Nikamwambia ni ya dawa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akainuka, akafungua geti, sasa amevutiwa.

"Dawa ya nini?"

"Ya moyo."

"Presha?"

"Kitu kama hiyo."

Akanikatia tawi mzima. Akaniambia mama yake pia ana presha, nikipata imesaidia nipite nimwambie. Nilishuka Kilimani nikibeba tawi kama mtu wa Jumapili ya matawi, na nikiwa nimedanganya mtu mzuri ambaye mama yake ni mgonjwa. Lakini mpango ulikuwa umekamilika kwa kichwa. Petali moja ya mama ni ya rafiki yangu, hiyo sigusi. Petali ya Kilimani ni ya mama mkwe, ataijulia wapi. Na petali ya pili ya mama ni yangu, nitaiweka kwa kidani kidogo, nitavaa ndani ya blauzi, hakuna mtu ataona. Niliikandamiza hiyo ya Kilimani kwa kurasa za figo.

Ndio tukafika ile Jumamosi.

Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa meza. Kwa karatasi nyeupe, petali mbili: ya rafiki yangu na ile ya Kilimani, zinangoja kumwagiwa. Ile yangu nilikuwa nimeanza nayo. Nilikuwa nimeishika na koleo ndogo, rezini ishamwagwa nusu kwa kifinyango, nimeinama, nimefunga jicho moja. Na nikaskia, juu ya kichwa changu, karibu hivi ningeweza kuskia manukato:

"Sasa."

Ni yeye. Ametoka fungate, ngozi imeng'aa, ameinama kwa glasi. Na nyuma yake mama mkwe, na kitambaa kwa kichwa na miwani imening'inia kwa kamba.

Hesabu haikuwa ngumu. Aliniachia mbili. Kwa karatasi kuna mbili. Kwa koleo kuna ya tatu. Ningeweza kuiangusha chini. Ningeweza kusema ni ya mteja mwingine, Nairobi yote ina bogenvilia. Mambo kama kumi ningeweza kufanya, na yote nimeyafikiria baadaye nikiwa kitandani. Wakati ule mkono ulienda peke yake. Nikaweka kwa mdomo.

Ni kavu. Ni kama kumeza risiti. Inashika juu kwa kaakaa na haitoki na ulimi.

"Poa," nikasema.

"Unakula nini?"

"Peremende."

Mama mkwe akanisalimia kwa mkono, mikono miwili kabisa, na ilikuwa mikono migumu. Sikuwa nimetarajia. Nyasi ya kwake kumbe anakatanga mwenyewe.

"Nimeambiwa wewe ndio ulimjua mama," akasema. "Nimemwambia huyu, mimi siwezi kuvaa kitu ya mwenzangu kama sijui alikuwa mtu wa aina gani. Kwanza nipeleke kwa huyo rafiki yako aniambie."

Mimi nasikiliza, ua imeshuka imefika kwa koo, machozi inanitoka. Akadhani nalia juu ya marehemu. Akanishika bega. Nilitaka sana awe mtu mbaya. Nilikuwa nimemchukia kwa siku nyingi, nilikuwa nimewekeza.

Halafu akavaa miwani akainamia karatasi.

"Ni hizi? Nzuri. Nilidhani mlisema ni tawi moja."

"Ni moja," rafiki yangu akasema.

"Hapana, hizi ni za miti miwili. Hii ni mviringo, angalia. Hii ingine ina ncha ndefu, na mishipa yake imesimama. Mimi nina aina nne kwa bustani, nimezikata miaka ishirini."

Alisema bila ubaya, vile mtu anasema hii nyanya sio ya Loitoktok. Rafiki yangu akaangalia karatasi. Akaniangalia. Tumelala chumba moja miaka sita, huyo mtu anajua nikidanganya pua yangu inafanya nini.

"Ya mama ingine iko wapi?"

Nikafikiria peremende. Nikafikiria presha.

"Nimeimeza."

Fundi wa simu, upande ule mwingine wa mbao, akaacha kufanya kelele.

"Umeimeza," akarudia.

"Na maji ama hivyo hivyo?" mama mkwe akauliza.

"Hivyo hivyo."

"Haiui. Wengine wanachemsha wanakunywa. Lakini kunywa maji."

Alinipatia chupa yake kutoka kwa mkoba. Nikakunywa. Rafiki yangu hakuwa anacheka. Kwa miaka yote nimefanya ujinga mbele ya huyo msichana, hata siku nilichoma nguo yake ya intaviu, mwisho wake alikuwa anacheka. Nilingoja. Haikukuja.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu ndefu. Nilikuwa nimeipanga na tofali siku kumi. Ikatoka fupi.

"Juu ya keki."

"Keki gani?"

"Ya mama. Nilidhani utaniita."

Mama mkwe akatoa miwani, akaiangalia, akaanza kuipangusa na kitambaa ilhali haikuwa chafu.  Rafiki yangu akaweka kidole karibu na ile petali ya kweli, bila kuigusa.

"Kata hii katikati," akasema. "Nusu yangu, nusu ya huyu mami. Kata sasa nikiona."

Nataka ujue hiyo ni kazi ya aina gani. Petali ikikauka ni kama ngozi ya kitunguu. Katikati kuna mshipa, na ukikata kando ya mshipa kidogo tu inafuata njia yake, inapasuka vipande vitano, na hakuna ingine duniani, mti umeng'olewa na mahali pake kuna mawe. Nilichukua wembe mpya. Nikapumua juu yake kidogo, kwa umbali, ndio ipate unyevu isivunjike. Nikaweka kiwiko kwa meza na kushika mkono mmoja na ule mwingine.  Nikaanza kwa shina nikaenda pole pole mpaka kwa ncha, na ikaachana. Nusu mbili. Mama mkwe akatoa pumzi kwanza, kabla yangu.

"Ya mami utampelekea Karen mwenyewe," rafiki yangu akasema. Akachukua mkoba, akatoka. Hata kwaheri hakusema. Mama mkwe akaniambia kwaheri mara mbili, nafikiri moja ilikuwa ya kumfunikia.

Hiyo wiki nilifanya kazi nzuri kuliko yote nimewahi kufanya, na hakuna kitu imewahi kuniuma hivyo. Niliweka rezini kidogo kidogo, safu tatu, nikitoa kila kipovu na sindano. Nilizisugua na karatasi ya msasa mpaka zikawa kama maji. Zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa za watu wengine. Ukiziweka pamoja unaona petali nzima, ukizitenganisha kila mtu ana upande wake, na mimi wangu ulishapita kitambo, na sitasema umepita wapi. Rafiki yangu nilimtumia ujumbe kwa simu. Akajibu "sawa". Siku iliyofuata nikamtumia kichekesho. Hakujibu. Kama hujawahi kuwa mtu wa kuchekesha huwezi jua hiyo inakaa namna gani. Ni kama kunyang'anywa kitambulisho.

Jumapili nikaenda Karen. Rafiki yangu alikuwa huko, alikuwa jikoni, akanisalimia kama vile unasalimia mtu wa gesi. Mama mkwe akanikalisha nje kwa veranda, akaleta chai na nduma, akafungua kiboksi. Akakiangalia kidani sana. Hakukivaa.

"Sasa niambie," akasema.

Na nikamwambia. Nilianza kwa kubania, kusema ukweli. Nikampa vitu vidogo: alikuwa anapenda chai ya tangawizi, alikuwa mrefu. Lakini huyo mama alikuwa anauliza vizuri. Alikuwa akicheka mahali pa kucheka? Akikasirika alikuwa anafanya nini? Nikajikuta nimesimama, naonyesha vile alikuwa anabeba kuku kwa miguu kupitia kwa lango la nyumba yetu Kangemi akisalimia majirani ambao hawamjui. Nikamwambia juu ya kichwa kubwa na maji ya kunywa. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Na kila kitu nilikuwa natoa nilikuwa naona kinaenda, naona kinaingia kwake na kukaa, na bado nilikuwa naona uchungu. Nilikuwa napeana mama kipande kipande kwa mtu ambaye ameshakula keki yake. Ile ya kuniosha miguu nilikataa kumpa. Iko na mimi.

Mwishowe akakivaa. Kilimkaa vizuri, na hiyo pia niliona ni uonevu.

Jioni rafiki yangu akasema atanisindikiza mpaka steji ya matatu. Tukatembea kando ya barabara, upande mmoja kuta za watu zimejaa zile maua za karatasi, za zambarau, nyeupe, za kila rangi. Yeye mbele kidogo, mimi nyuma. Nikasema, "Hizi zote nikila nitashiba." Ilikuwa kichekesho kibaya. Nilikiona kikitoka.

Akasimama. Kidani yake ilikuwa imelala hapa kwa shingo, nusu ya petali, na alikuwa ameishika.

"Nilikuona kwa hema," akasema. "Ukiinuka. Nilikuwa nimepiga magoti na sahani, nikakuona kabisa."

Nikasema sikuwa nimeinuka, nilikuwa naenda choo.

"Wacha. Wiki mzima nilikuwa nafikiria nikuite. Jina lako lilikuwa limeandikwa kwa programu, nikaenda nikamwambia yule wa kipaza sauti alitoe, asubuhi ile ile. Wewe unaongea kama yeye, unajua? Unatukana kama yeye. Hata hiyo kuinuka kwako kwa kiti ni yake. Huyu mami wa hapa naweza kumlisha keki nikicheka, mara mbili, mara kumi. Wewe ningekulisha aje?"

Gari ilikuwa imefika, kondakta anapiga bati. Akanisukuma kwa mgongo nipande.

"Na jana nilisoma ile kichekesho yako," akasema. "Haikuwa poa. Tuma ingine."